Sebule Isiyo na Makochi

Nyumba tuliyopanga Dongobesh ilijengwa kwa pesa za vitunguu saumu, na kwa muda mrefu vitunguu saumu ndivyo vilivyoishi ndani yake. Mwenye nyumba alikuwa mkulima aliyepata msimu mmoja mzuri kupita kiasi. Akajenga vyumba vinne na sebule ambayo ungeweza kufundishia kidato cha kwanza chote bila kubanana. Kisha bei ikaanguka, yeye na familia wakahamia Babati, na sebule ikageuzwa ghala. Ndiyo maana kodi ilikuwa ndogo. Wote waliokuja kuiangalia kabla yetu walivuta pumzi mlangoni, wakashukuru, wakaondoka.

Mimi nilivuta pumzi mlangoni nikasema, "Tunaichukua."

Mume wangu akanigeukia. "Mwalimu, hata choo hujakiona."

"Choo kipo?"

"Kipo."

"Basi."

Nilikuwa na sababu ya kutaka nyumba kubwa iliyo tupu. Tulikuwa ndiyo kwanza tumefunga ndoa, na tulifunga kwa namna ambayo bado watu walikuwa wanaisema: misa ya asubuhi siku ya kazi, mashahidi wawili, halafu chai na chapati nyumbani kwa katekista. Hakukuwa na kamati, wala vikao, wala kadi za michango, wala mshereheshaji wa kuwaamuru watu wazima wanyanyue mikono. Mahari ilikuwa imeshamalizwa kimya kimya. Wazazi wa pande zote mbili walikuja, wakanywa chai, wakaondoka na sura za watu waliokuwa bado wanasubiri chakula.

Wazo lilikuwa langu. Dada yangu aliolewa Morogoro kwa kamati kubwa, ukumbi ukajaa, zawadi zikapangwa jukwaani kama bidhaa za mnada. Ndoa haikudumu. Siku aliporudi nyumbani, makochi aliyopewa yalirudi naye kwenye kenta, na mpaka leo yako stoo kwa baba, nailoni ya dukani haijavuliwa. Katika wanakamati wote wale hakuna hata mmoja aliyekuja kumwuliza kilichomsibu. Nilianza kuuliza maswali tangu siku ile. Kwa nini nilishe ukumbi mzima ili nipate kabati? Kama mtu anataka kunipa sufuria, kwa nini asiniletee sufuria? Nyumbani hakuna aliyenijibu, waliniambia tu chuo kimeniharibu.

Mume wangu alinisikiliza tukiwa bado chuoni, akacheka, akasema, "Tutaanza na tulicho nacho." Nilimpendea kauli hiyo. Yeye ni mtoto wa huku huku, kijiji cha Nambis, afisa ugani. Mimi ni mwalimu wa kuletwa na barua. Kwa hiyo sebule ile ilikuwa ahadi yetu. Nilitaka kila kitakachoingia mle kiingie kwa mkono wangu au wake, ili watu waone kwamba wawili wenye mishahara miwili midogo wanaweza kufanya nyumba bila kumlisha mtu wali. Nilitaka waone. Sitajifanya kwamba nilitaka tu kuishi kwa amani.

Tulianza na harufu. Tulisugua kuta kwa maji ya moto, sabuni na majivu, tukafungua madirisha, na upepo wa Dongobesh, ambao hauna urafiki na mtu, ukaingia kututia kikohozi. Tukapaka chokaa. Sehemu ya chini ya ukuta tulipaka rangi ya mafuta, kwa sababu duka moja lilikuwa na makopo yaliyochubuka ambayo lilitaka kuyaondoa. Ilikuwa bluu. Si bluu ya anga wala ya maua, bluu ile ya majengo ya serikali. Tulipomaliza, mume wangu alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akaniuliza dirisha la kuchukulia dawa tulitoboe upande gani.

Mapazia yalikuwa mashuka ya mitumba. Moja lilikuwa na jina la hoteli ya nchi nisiyoitambua hata kwa lugha yake, nikalikunja sehemu hiyo nikaishona kwa ndani. Fundi seremala alitutengenezea mabenchi mawili marefu ya mkaratusi. Alituonya kwamba mbao hazijakauka na zitajipinda, tukasema zijipinde tu, zikajipinda. Mito ya kukalia niliishona kwa mkono, nikaijaza vipande vya vitambaa kutoka sakafuni kwa fundi cherehani. Mama yangu alinitumia mikeka miwili ya ukindu kwa basi. Nilinunua ungo mkubwa, nikautoboa katikati, taa ikaning'inia humo, na jioni ukutani kukawa na mistari ya kivuli kama nyavu. Ungo mwingine niliuning'iniza ukutani mzima mzima.

Vibuyu nilivipata Gehandu, siku niliyomsindikiza mume wangu kazini kwa pikipiki, mimi nikashukia mnadani. Mama mmoja wa wafugaji alikuwa anauza vibuyu vya maziwa vyenye mikanda ya ngozi na shanga. Nilichagua vitatu. Akanitazama viatu, akanitazama mikono.

"Ng'ombe yako iko wapi?"

"Sina ng'ombe, mama."

"Sasa kibuyu ya nini?"

"Ya kuangalia."

Akawageukia wenzake, akawaambia jambo kwa lugha yao, wakacheka mpaka mmoja akalazimika kukaa chini. Nami nilicheka. Siku hizo nilikuwa bado nacheka.

Sebule ilipokamilika ilikuwa nzuri, na nikisema hivyo sijitetei. Ilikuwa na nafasi, ungeweza kutembea ukiwa unawaza. Niliposahihisha madaftari sikukaa mezani, niliyatandaza kwenye mkeka nikayazunguka kwa magoti. Jumapili mume wangu alilala kwenye benchi, kichwa kwenye mto wa matambara, akasema hajawahi kuwa na chumba ambacho mtu anaweza kujinyoosha bila kugusa kitu cha mtu. Kwao walilala watoto wanne chumba kimoja. Nilidhani hapo tulikuwa tunasema jambo moja.

Wa kwanza kuja kutuona alikuwa jirani, mama wa makamo mwenye duka la vitambaa na nyuzi, ambaye pia ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kila shughuli ya mtaa. Alisimama mlangoni muda mrefu.

"Madam, mmehamia au mnahama?"

"Tumehamia, mama. Karibu."

"Makochi yako njiani?"

"Hapana. Ndiyo hivi."

Akaangalia juu. "Na ungo huo ukutani, mnapepeta nini huko?"

"Urembo tu, mama."

"Aa," akasema, kama muuguzi aliyeambiwa dalili nyingine. Alikuwa ameniletea vitambaa vitatu alivyovifuma mwenyewe, vya kuwekwa kwenye migongo ya makochi. Akazunguka navyo mkononi akitafuta mgongo wa kitu chochote. Mwishowe akavirudisha kwenye mfuko, akaniambia kwa huruma kwamba atanitunzia.

Mama mkwe alikuja kutoka Nambis baada ya mavuno, na kuku mmoja na debe la mahindi. Nikapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

Nikamkaribisha kwenye benchi. Alikaa ukingoni, mkoba mapajani, magoti yamebanwa pamoja. Akaangalia bluu ya ukutani, akaangalia benchi la pili mbele yake, tupu, akamwuliza mwanawe, "Daktari anaingia saa ngapi?"

Mume wangu alicheka, mimi nikacheka, na mama mwenyewe akacheka kidogo. Kisha akazungumza na mwanawe Kiiraqw kwa muda mrefu, bila kucheka. Sijui Kiiraqw zaidi ya salamu na majina ya vyakula, lakini nilijua wanazungumza kuhusu mimi kwa sababu hakuna aliyenitazama. Alipoondoka nikauliza.

"Mama alisema nini?"

"Amesema nyumba ina hewa nzuri."

"Yote yale yalikuwa hewa?"

 Alikwenda kumfunga kuku.

Sikujua bado kwamba kuna kitu tulichokosa ambacho hakinunuliwi kwa fundi. Nilikijua siku ya michango ya harusi ya binti wa mtaa wetu. Niliweka pesa kwenye bahasha, nikaipeleka dukani kwa jirani kabla hajaniomba. Nilitaka kuonyesha kwamba sina kinyongo na harusi za watu, nina maswali tu. Akaichungulia bahasha, akanirudishia.

"Madam, hii nitairudishaje?"

"Usiirudishe. Ni mchango."

"Mchango unarudi. Mimi namchangia huyu kwa sababu mama yake alimchangia mwanangu. Wewe alikuchangia nani?"

"Hakuna. Sikuchangisha."

"Ndiyo nauliza. Nikipokea hii, wale watakuwa wanadaiwa na mtu asiye na shughuli. Siku ukihamishwa je?"

"Basi isirudi. Nimetoa tu."

"Pesa isiyorudi ni sadaka, madam. Peleka kanisani." Alisema kwa upole, tena akanikatia kipande cha utepe mwekundu nikafungie nywele, bure, ili nisiondoke mikono mitupu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo ilinichukua muda kuielewa. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa kwa ubahili, nina majibu ya ubahili. Kumbe hakuna aliyenilaumu. Walikuwa tu hawana mahali pa kuniweka. Watu wa mtaa ule walikuwa wamefungana kwa madeni madogo madogo ya wali na vitenge tangu zamani za bibi zao, na mimi nilikuwa nimejivunia kwamba sidaiwi. Nilikuwa bado naona ni upuuzi. Naona hivyo hata sasa. Lakini kuwa sahihi ukiwa peke yako katika sebule kubwa ni kazi inayochosha.

Aliyechoka kwanza alikuwa mume wangu. Nilikuwa nasahihisha mkekani, yeye yuko benchini, akaanza bila kunitazama.

"Nyumbani wanataka tufanye kitu kidogo. Kutupongeza."

"Kitu kidogo ni nini?"

"Watu waje, wale, watoe walichonacho. Basi."

"Hiyo ni harusi, umeipunguzia gauni tu."

"Mwalimu, jana nilikuwa kijijini, kuna kikao cha ukoo. Kaka zangu wameitwa. Mimi nimekuta wanatoka. Nimeuliza mbona sikuambiwa, wakasema walidhani bado sijaoa."

"Lakini umeoa."

"Najua nimeoa!" Alipandisha sauti, nayo chumba kile kikubwa kikairudisha kutoka kwenye kuta. Akaishusha. "Wao hawakuona."

"Kwa hiyo ndoa inathibitishwa na makochi?"

"Unaona? Kila kitu unakigeuza swali. Sikiliza. Wewe siku moja barua itakuja, utahamishwa. Mimi nitazikwa hapa."

 Nilimwambia tu kwamba tuliahidiana. Akasema anakumbuka. Nilichukulia kwamba kukumbuka ni kukubali, na hatukulizungumza tena. Yeye akawa anarudi kwa kuchelewa zaidi, simu yake ikiwa imelazwa kifudifudi mezani.

Muda si mrefu nilitumwa Babati kwenye mafunzo ya walimu. Nilirudi Jumamosi mchana. Niliposhuka kwenye Noah ya abiria na begi langu, vumbi hadi kwenye nyusi, nilisikia vigelegele kutoka upande wa kwetu, nikajua kuna mtu ana shughuli mtaani. Niliendelea kutembea. Vilizidi kuwa karibu. Nje ya nyumba yangu kulikuwa na sufuria kubwa juu ya mafiga, wanawake wa Nambis na wa mtaa wamejifunga vitenge vya sare, na chini ya ukingo wa paa, yakiwa yamegeuzwa miguu juu, mabenchi yangu mawili.

Jirani alinikimbilia wa kwanza. "Madam amefika! Bibi harusi wa vumbi amefika!" Wakacheka wote, wakanipokea begi, wakaniimbia. Sikuwahi kuimbiwa katika mtaa ule. Mtu akanitupia kitenge mabegani, mwingine akanifunga kingine juu yake, na wakanisukuma taratibu mpaka ndani.

Makochi yalikuwa saba, ukihesabu na yale madogo. Rangi ya kahawa, migongo mirefu, mikono minene kama mapaja ya mtu, yote ndani ya nailoni. Juu ya kila mgongo kilikuwa kimelazwa kitambaa cha kufuma cha jirani, vile vitatu na vingine vipya. Kulikuwa na meza ya kioo, maua ya plastiki, saa ya ukutani pale ulipokuwa ungo wangu. Mikeka ya mama yangu ilikuwa imekunjwa na kusimamishwa kwenye kona. Vibuyu sikuviona. Mapazia mapya yaling'aa kiasi kwamba dirisha lilionekana kama limevaa suti.

Katikati, kwenye kochi kubwa kuliko yote, alikuwa amekaa mama mkwe. Safari hii hakukaa ukingoni. Mgongo ulikuwa umeegemea, mkoba uko pembeni. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Karibu nyumbani."

Nilikuwa ninalipa nusu ya kodi ya nyumba hiyo. Nilikuwa nimesugua kuta zake kwa majivu hadi kucha zikaungua. Nilipiga goti nikasema, "Shikamoo mama. Asante."

Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amesimama na kaka zake mlango wa nyuma, shati jipya, mkono wa kaka mkubwa uko begani mwake. Alikuwa na uso ambao sikuwa nimewahi kuuona, uso wa mtu aliyerudishiwa kitu chake. Macho yetu yalipokutana uso huo ukajifunga. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma hadi leo, kwamba nilimwona akiwa na furaha, na mimi ndiye niliyeizima kwa kuingia tu.

Nilikuwa nimeandaa la kusema. Lilikuwa limefika mdomoni, zuri, lenye hoja, na lingewaondoa watu wote mle ndani. Jirani akaniinamia sikioni, akidhani machozi yangu ni ya shukrani.

"Mama ameuza mtamba wake, madam. Yule mwenye baka jeupe. Hata wanawe walimkataza."

Nikalimeza. Ungesema nini? Ningeweza kubishana na kamati, na ukumbi, na desturi nzima ya nchi hii kutoka baharini mpaka ziwani. Sikuweza kubishana na mtamba. Bibi mmoja alikuwa ameuza mnyama aliyemtarajia amzalie, ili asiwe na mwana anayekaribisha wageni kwenye benchi la zahanati. Hakuniuliza kama nataka. Nami sikumwuliza yeye alipokaa pale na mkoba mapajani. Nikakaa kwenye kochi nililoonyeshwa. Nailoni ikalia chini yangu, wakapiga vigelegele.

Wali uliliwa. Kila aliyetoa alitajwa jina kwa sauti, na alichotoa, na mimi nikaitikia asante kwa kila jina, nikijua kwamba ninachoitikia si zawadi, ni orodha ya safari zangu zijazo. Kabla ya jua kuzama simu yangu ilikuwa imeingizwa kwenye makundi mawili ya michango. Binti wa mtu Haydom, mtoto wa mtu Nambis. Nilipopeleka bahasha zangu wiki iliyofuata, jirani alizipokea bila kuuliza lolote, akaandika.

"Sasa ndiyo," akasema.

Wageni walipoondoka jioni ile ya sherehe, tulibaki wawili tumesimama, kwa sababu hatukujua nani akae wapi. Mume wangu alisema, "Ningekuambia ungekataa."

"Ndiyo."

"Sasa ningefanyaje?"

Nilitoka nje nikaligeuza benchi moja, lile lililojipinda zaidi, nikalishika upande mmoja. Alielewa, akaja akashika upande wa pili, tukaliingiza ndani. Tulilijaribu chini ya dirisha, likazuiwa na mkono wa kochi. Tulilijaribu ukutani, likagonga meza ya kioo. Tukalisimamisha wima, likawa linaegemea saa. Tulizunguka nalo chumbani kama watu wanaotafuta mahali pa kumlaza mgonjwa, na harufu ya vitunguu saumu, ambayo ilikuwa imeamshwa na mvuke wa wali na joto la watu, ilikuwa imerudi yote, imeanza kuingia kwenye makochi mapya kupitia matundu ya nailoni.

"Tuvue nailoni, yapate hewa," nikasema.

"Mama amesema isivuliwe."

Sebule ambayo ungeweza kufundishia kidato cha kwanza chote haikuwa tena na nafasi ya benchi moja. Tukalirudisha nje. Niliketi juu yake, kwenye baridi, na vitenge vya watu mabegani. Yeye alisimama mlangoni kidogo, akaniambia niingie, kuna upepo. Nikamwambia naja. Akaingia, nikasikia nailoni ikilia alipokaa.